Piza ya Moto Juu: Mwaka Nilioamua Kula Mali ya Duka Langu Mwenyewe

Kabla ya yote niseme: oveni sina na sinunui. Nimeshauriwa ninunue na watu wasiopungua saba, akiwemo kijana wa duka la vyombo vya umeme aliyenivizia nje ya msikiti baada ya Ijumaa kuniambia anayo moja ya elfu thelathini na ushei, "bei ya mjomba". Mjomba mwenyewe simjui. Piza napika, watu wanajiramba vidole, na oveni sina.

Mimi ni mwenye duka Malindi. Duka la kawaida tu: unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupima, mayai. Lakini Malindi kwa mambo ya chakula si mji wa kawaida. Wataliano walianza kuuzoea tangu enzi za roketi zao kule Ngomeni. Mwaka 1967 walirusha satelaiti kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, siku yenyewe ya kusherehekea uhuru wa Kenya, ikapaishwa pale ile ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru. Roketi zikakoma, Wataliano wakabaki. Wakajenga nyumba, hoteli, mikahawa na maduka ya aiskrimu. Leo kijana wa ufukweni anaweza kukutukana Kitaliano kitamu kabla hajakijua sawasawa Kiingereza cha shuleni. Mwenye duka naye afanyeje? Nilianza na "uova", yaani mayai, nikaendelea mpaka "ti pago domani", nitakulipa kesho, sentensi niliyoisikia mara nyingi kuliko zote.

Miaka kama kumi hivi niliingia mikahawa yao kwa mlango wa nyuma, trei za mayai mkononi. Kule nyuma ndiko harufu iliko: kitunguu saumu kinapoanza kunong'ona ndani ya mafuta ya zeituni, hakijaungua bado. Nilikuwa nashusha trei polepole makusudi. Halafu Mei moja, msimu umekufa, pepo za kusi zinavuma, watalii hakuna, tajiri wa mkahawa mmoja akawa hana pesa taslimu ya kunilipa. Akaniambia, "Amico, rafiki, kaa mbele leo, kula, tukatane deni."

Nikakaa mbele. Nikaletewa spageti za kaa. Nikaonja, nikamwita mhudumu nikamnong'oneza kwa adabu kwamba tambi hazijaiva, asije mpishi akaaibika. Mpishi mwenyewe akatoka jikoni, Mgiriama wa Ganda, taulo begani. "Kaka, hizo zimeiva. Zikizidi hapo Mtaliano ananirushia sahani. Wewe tafuna."

Nikatafuna. Nyumbani kwetu tambi ni za sukari, nazi na iliki. Laini, zinateremka zenyewe, meno ni ya kuchekea tu. Hizi zina kiini, zinabishana na wewe kidogo. Kufika uma wa tatu nikaelewa: tambi yenye kiini haizami kwenye mchuzi, inaubeba. Na mchuzi wenyewe ni kaa, nyanya, saumu na pilipili, basi. Hakuna binzari wala bizari. Niliposimama nilikuwa nimekula mayai ya wiki mbili.

Tangu hapo ikawa ada yangu kila kusi. Ukitaka kula Kitaliano Malindi kwa bei ya mwenyeji, nenda Mei au Juni, mikahawa ile michache isiyofungwa. Desemba usijisumbue, utakaa meza ya karibu na choo. Na kama wewe ni Muislamu kama mie, jifunze majina kabla ya kujifunza ladha. Prosciutto, speck, pancetta, salame, guanciale: wote hao ni nguruwe mmoja aliyebadilisha kanzu. Bresaola ni ng'ombe. Piza inayoitwa diavola wengi huiagiza wakidhani ni pilipili tu, kumbe juu imetandazwa salami. Wali wao wa risotto mara nyingi hupikwa kwa mvinyo. Mie nikishaketi tu natoa shahada yangu ya pili: "senza maiale, senza vino", bila nguruwe, bila mvinyo. Wananijua. Tambi za carbonara nimemwachia Mtaliano mwenyewe, maana bila guanciale inabaki mayai, jibini ya pecorino na pilipili manga. Krimu haimo kabisa, na atakayekuambia imo usimsadiki hata akikuambia saa ngapi.

Sasa 2020. Mnajua kilichotokea. Machi ndege zikasimama, wateja wangu wa "domani" wakapanda zile za mwisho, mmoja wao Signora aliyekuwa ananidai tabasamu nami namdai trei mbili za mayai na katoni ya maji. Nami nilikuwa nimejaza duka kwa ajili ya Pasaka yao: mikebe ya nyanya katoni kumi na kitu, pasta za kila umbo, mifuko ya unga ule laini wa "00", jibini friji nzima. Zaidi ya elfu arobaini imelala hapo, labda hamsini, sikutaka kuhesabu. Aprili Kilifi, kaunti yetu, ikafungwa, kafyu juu yake. Nani atanunua nyanya za mkebe wakati sokoni mbichi zinaoza? Na ajabu ya moyo, mikahawa ilipofungwa ndipo nami nikaamka na hamu ya piza usiku wa manane, kama mja mzito.

Nikasema: isipouzika, italiwa.

Jaribio la kwanza halina hadithi. Sufuria, mfuniko, jiko la makaa. Chini mkaa, juu uji. Nikaenda kwenye video. Huko nikaambiwa tanuri la Napoli hufika nyuzi 450 hivi na piza huiva kwa sekunde 90, kwa hiyo ninunue oveni, ninunue na jiwe la kuokea piza, ninunue na koleo la mbao. Mpwa wangu, bingwa wa kila jambo, akasema si lazima, "igeuze kama chapati, mjomba." Niliigeuza. Jibini yote ilibaki kwenye chuma na mke wangu alisugua siku mbili bila kunisemesha.

Ndipo nikakumbuka tanuri la mofa.

Mtaa wa pili yupo bibi anayeoka mikate ya mofa. Tanuri lake ni la udongo, mdomo mwembamba, tumbo pana. Huwashwa kuni, zikishakuwa makaa donge hubandikwa ubavuni mwa tanuri, likaiva likining'inia. Nikajiambia, kama Napoli ni udongo na moto, hapa pana tofauti gani? Nikaenda saa tisa na beseni langu la unga uliolala usiku kucha. Kukanda sielezi, nani asiyejua kukanda.

Bibi akanitazama. "Mjukuu wangu, hili tanuri halijaingia jibini tangu lijengwe."

"Leo litaingia, Bibi."

Donge la kwanza nilibandika tupu, bila kitu juu. Wallahi lilitoka zuri mpaka Bibi mwenyewe akamega! Limevimba kingo, lina madoa meusi, limekauka nje na ndani laini. Hapo ningepaka nyanya nikaenda zangu. Lakini tamaa. Nikataka jibini nayo iyeyuke mle mle ndani, na ubavuni huwezi kubandika kitu chenye nyanya, kitashuka. Basi nikatengeneza mtambo. Nikachukua sinia dogo la bati, nikatoboa matundu matatu, nikafunga waya wa kuanikia nguo, nikaupitisha kwenye ufito. Nikapanga piza juu ya sinia, nikalishusha polepole kama mtu anayeteka maji kisimani. Watoto wa mtaa wamejaa. Mmoja akawa ananihesabia sekunde kwa sauti. Ishirini, thelathini, jibini inaanza kububujika, naiona kwa macho yangu. Arobaini, waya mmoja ukalainika. Sinia likainama upande, taratibu, kwa heshima, na piza ikateleza ikaingia kwenye makaa na nyanya zake na jibini yake yote. Moshi uliotoka hapo ni wa kufukuzia nyuki. Nywele za mkono wa kulia zikawaka, na zilirudi mwezi wa saba. Bibi hakugomba. Alivuta kiti akakaa, akasema, "Sasa hili tanuri utaliosha wewe." Nililiosha, na mikate yake ya siku mbili nilinunua yote. Wale watoto mpaka leo nikipita huhesabu: "Thelathini! Arobaini!"

Nyumbani nikamhadithia mama, nikitafuta huruma. Akacheka kwanza, akafuta machozi, halafu akauliza, "Na mkate wa kumimina mimi nauchomaje?"

Nikanyamaza. Mkate wa kumimina, kwa asiyekulia pwani, huchomwa kwa moto chini na moto juu: ukishaanza kushika chini, hufunikwa na makaa yakapangwa juu ya mfuniko mpaka uso upate rangi. Nimekula mkate huo tangu nina meno mawili. Nimekwenda kuunguza tanuri la watu wakati jibu liko kwenye mkono wa mamangu, na hilo hakuacha kunikumbusha.

Ila yeye na mimi tulitofautiana. Mkate wa kumimina unataka moto wa pole, chini haba na juu wa wastani. Piza inataka moto wa hasira, na juu uwe mkali kuliko chini. Mama hakutaka kusikia. Jaribio la kwanza tulifanya kwa moto wake tukapata biskuti. La pili nilimsubiri aingie kusali. Nikachukua chuma cha chapati kile kizito, si sufuria, nikakiacha kwenye jiko mpaka tone la maji likaruka. Kumbe mfuniko wa alumini wa kisasa haufai, unapinda. Nilitumia mfuniko wa zamani wa sufuria ya shughuli, mzito, wenye ukingo wa kuzuia makaa yasianguke. Huo nao niliuweka kwenye jiko la pili ukapata moto kabla. Hapo ndipo siri ilipo kwa maoni yangu, juu paanze na joto lake, pasisubiri. Donge likatandikwa, nyanya za mkebe zilizopondwa kwa mkono na chumvi tu, hazikupikwa, jibini, nikafunika, makaa juu yamerundikwa. Dakika nne, labda tano. Kila nilipotaka kuchungulia nilijikalia mikono.

Jibini nayo: ile ya Kitaliano inayoelea kwenye maji yake ilikuwa imeshaharibika wiki ya pili. Iliyobaki ni ya hapa Kenya, ya kipande, kavu kavu. Ikawa bora, maana ile ya maji hufurika na hakuna nyuzi 450 za kuikausha. Nyanya mbichi za sokoni ukizitumia, zikwangue uzining'inize kwenye kitambaa usiku mzima, la sivyo unapika mchuzi.

Likabaki jani. Wataliano huweka basilico, na basilico ni rihani. Mama ana mrihani mlangoni. Nilipokwenda kuchuma akatoka mbio. "Rihani ya kikuba hiyo! Huwekwa na asumini, hunukiwa. Na maiti huwekewa. Wewe waitia chakulani?" Mke wangu akamuunga mkono, akasema yeye hali chakula kinachonuka kama bibi harusi. Wana hoja: rihani yetu ina ukali, si kama ile ya mikahawani. Nikaweka majani matatu tu, baada ya kuipua, yasiguse moto. Nikaweka kwenye nusu yangu.

Tulifuturu nayo. Tende, maji, uji, kaimati, viazi vya karai, na piza katikati ya mkeka. Mama akamega kipande kidogo cha kumridhisha mtoto. Akatafuna. Akamega cha pili, kutoka nusu yangu, chenye rihani, akifikiri sioni. Akatoa hukumu: "Mkate wa nyanya. Si mbaya. Ungetia iliki." Kesho yake alikuwa anawaambia wake wa majirani kwamba amenifundisha yeye, na wakaanza kuja dukani kuulizia mikebe "ya mkate wa nyanya wa mamako". Kufika Idd katoni zilibaki mbili. Pasta haikuuzika hivyo, tumeila sisi, na watoto hawataki kuiona.

Signora alirudi ndege zilipofunguka. Nikamkaribisha uani. Alikula vipande vitatu, akasema jibini imezidi, "troppo formaggio", kisha akauliza oveni iko wapi. Nikamwonyesha jiko, chuma na mfuniko mweusi ulioegemezwa ukutani. Akazunguka ukuta akidhani namficha. Alipoamini akatoa simu akapiga picha mfuniko, si mimi wala piza, mfuniko. Deni la mayai alilipa siku hiyo hiyo. La katoni ya maji akasema domani.