Wasini, watalii wakishaondoka

Kila ninayemwambia nilikwenda Wasini, kisiwa cha pwani ya kusini ya Kenya, ananiuliza kama niliona pomboo. Niliwaona, migongo tu, kwa mbali. Mimi nilifuata kitu kingine: mahali ambapo hakuna hata gari moja.

Kufika kwenyewe kunachosha. Treni kutoka Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, hadi Miritini, Mombasa, matatu hadi Likoni, feri, matatu ya Ukunda, nyingine ya Shimoni, halafu boti. Ukikanyaga kisiwa, mgongo unauma na hamu ya kuzungumza na mtu imekwisha.

Asubuhi, kusema kweli, Wasini si kimya. Majahazi ya watalii yanapita kuelekea hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Mchana wageni wanateremka kula kaa na samaki, wanapiga picha, na alasiri wanarudishwa bara. Wakishaondoka, kisiwa kinarudi kwa wenyewe. Wazee wanatoka barazani, Kivumba, lahaja yao ya Kiswahili, kinaenda kasi nami naambulia nusu, watoto wanatoka madrasani wakikimbizana vichochoroni. Anayekwenda Wasini kwa siku moja ananunua chakula cha mchana cha bei ghali, basi.

Kuna njia ya mbao ya kikundi cha kinamama wa kijiji, inapita juu ya mikoko na katikati ya miamba ya matumbawe ya kale. Nilimwuliza mama mmoja pale nije saa ngapi niione vizuri.

"Njoo maji yakipwa, mwanangu."

"Yanakupwa saa ngapi, mama?"

"Yakipwa utayaona."

Nikakaa kuyangoja. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa kungoja kitu bila kutazama saa; Nairobi hata kungoja matatu nakufanya kwa hasira. Maji yalipotoka, kaa wadogo walijaa kwenye tope, nami nikawatazama mpaka jua likaanza kunichoma shingo.

Watu hupamba visiwa kana kwamba hakuna shida huko. Wasini ni mwamba wa matumbawe, haina mto, na maji ya mvua yanakingwa na kuwekwa akiba. Mwenyeji wangu alinipa ndoo, akaanza kunieleza kwa upole namna ya kuyatumia. Nikamwambia ninaishi South B, Nairobi, maji ya mfereji yanatoka siku za zamu. Kuoga kwa kata sihitaji kufundishwa. Alicheka sana.

Usingizi ndio uliokataa likizo. Saa kumi na moja alfajiri macho yalikuwa wazi, kama siku za kazi. Tofauti ni kwamba hapakuwa na pa kukimbilia, nikawa nalala tena, kitu ambacho mwili wangu ulikuwa umekisahau.

Nimemwomba dada yangu twende pamoja Januari, wakati wa upepo wa kaskazi, kabla ule wa kusi haujaanza kuichafua bahari. Amekubali, ila anataka kujua kwanza kama huko kuna chipsi.