Miezi 223

Usiku wa tarehe 16 Septemba 1997 mwezi ulipatwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Unguja. Ulianza kumegwa upande mmoja, kivuli kikaumeza wote, ukabaki mwekundu kama shaba iliyotoka motoni. Wakubwa walikwenda msikitini kusali. Babu aliporudi nilimwuliza utapatwa hivyo tena lini. "Mungu ndiye ajuaye, mjukuu wangu." Babu alizijua siku za bamvua na za maji mafu bila kutazama kalenda. Hilo hakulijua, nami likanikaa rohoni.

Mwaka 2008 nilikuwa nafanya kazi kwenye chumba cha injini cha meli ya mizigo. Tulifunga bandari ya Piraeus, Ugiriki, kwa matengenezo, na injinia wa pili, Mgiriki, akaniambia nivae nguo nzuri, kuna mashine anataka niione. Tukapanda treni mpaka kituo cha Victoria, Athens, kisha kwa miguu mpaka Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia.

Nilitarajia kitu kikubwa. Ndani ya kioo mlikuwa na vipande vya shaba iliyoliwa na chumvi, rangi ya kijani, na kile kikubwa kuliko vyote hakizidi sana mkono wangu kutoka kifundo mpaka ncha za vidole. Wazamiaji wa sifongo kutoka kisiwa cha Symi ndio walioikuta merikebu iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, mwaka 1900, na mashine hii ikiwa ndani yake. Ilikuwa imelala chini ya bahari miaka elfu mbili hivi.

Nikainama. Nikaona gurudumu lenye spoki nne, na ukingoni meno madogo madogo ya pembetatu. Mwili ukanisisimka. Gia! Sawa na zile nilizokuwa nikizitia mafuta kila zamu.

Mwenzangu alinieleza kwa Kiingereza chetu cha melini. Mwaka 2005 vipande hivyo vilipigwa picha za eksirei kwa mtambo wa tani 8, ulioletwa mpaka pale makumbusho kwa kuwa havikuweza kusafirishwa. Gia zilizosalia ni 30. Ulikuwa unazungusha mkono wa pembeni, na mishale inakuonyesha jua na mwezi vilipo. Mwezi hauendi mwendo mmoja, kuna siku unakaza na siku unalegeza. Basi fundi alipandanisha gia mbili ambazo vitovu vyake havikukaa sawa, pini ya moja ikiteleza ndani ya ufa wa nyingine, na mwendo ukatoka vilevile, wa kukaza na kulegeza. Hapo nilinyamaza kwa muda. Nimefungua mashine nyingi, sijaona wazo zuri kuliko hilo.

Kisha akanionyesha mahali pa gia yenye meno 223. Baada ya miezi 223 ya mwandamo, yaani miaka 18, siku 11 na saa 8, kupatwa hurudi kwa namna ileile. Hesabu hiyo Wagiriki waliirithi kwa Wababeli, lakini kuitia kwenye meno ya gurudumu, hilo ni jambo jingine kabisa. Hata zile saa 8 za ziada zilikuwa na kiduara chao, kilichoandikwa 8, na 16 kwa mzunguko wa pili.

Nikaomba kalamu. Nyuma ya tiketi ya treni nikaanzia 1997, saa 3:47 usiku, kivuli kilipokuwa katikati. Nikajumlisha. Ikatoka 28 Septemba 2015, saa 11:47 alfajiri.

Jioni nikapiga simu nyumbani. "Shikamoo, Babu. Ule mwezi utapatwa tena 2015." Akacheka kidogo, akasema, "Inshallah, njoo tuutazame pamoja."

Nilikwenda. Tulikaa kwenye mkeka ufukweni Bububu, tumeshasali, mwezi ukiwa magharibi juu ya maji, mwekundu. Babu macho yake yalikuwa yamepungua nuru, akaniuliza mara mbili kama umeisha wote. Umeisha, Babu. Akanishika mkono, akaisogeza saa yangu karibu na uso wake, akaitazama.

"Wale watu waliuhesabu huu huu?"

"Huu huu."

Hakuniachia mkono mpaka mwezi ukapotelea kwenye mwanga wa asubuhi.