Jumapili ya Braciole

Leo nimeamka saa kumi na mbili asubuhi, kabla kengele za kanisa la mtaani hazijalia, kwa kuwa mchuzi wa braciole hauharakishwi, nami nilitaka uwe tayari saa saba mchana. Hapa Napoli, braciola ni kipande chembamba cha nyama ya ng'ombe kinachojazwa viungo, kikaviringishwa na kupikwa katika nyanya. Ukiliagiza jina hilohilo kaskazini mwa Italia, utaletewa nyama ya kuchoma, mara nyingi ya nguruwe.

Juu ya vipande vinane, nilivyovigonga kwa upole mpaka vikalingana unene, nilitandaza kitunguu saumu kilichokatwakatwa, majani ya prezzemolo (parsley), jibini ya pecorino iliyokunwa, mbegu za msonobari na zabibu kavu. Zabibu hizo zilinitia mashaka nilipoonja chakula hiki mara ya kwanza, ingawa mimi niliyelelewa kwa pilau yenye zabibu nilipaswa kuzielewa upesi: utamu wake huituliza chumvi kali ya jibini ya kondoo.

Mwezi uliopita nilijaza kupita kiasi na kufunga uzi kwa kulegeza, na baada ya saa moja jibini na zabibu zilikuwa zimetoka zote na kuzagaa mchuzini. Niliumia sana, kwa sababu nilikuwa nimealika wageni. Safari hii nilikunja kingo mbili ndani kwanza, kisha nikaviringisha na kuzungusha uzi wa pamba mara tatu.

Kukaanga hakukuchukua hata nusu saa. Niliigeuzageuza nyama katika mafuta ya zeituni mpaka ikawa ya kahawia pande zote, nikaongeza kitunguu maji na glasi ya divai nyekundu, nikakwangua chini ya sufuria kwa mwiko, na divai ilipokauka nikamimina nyanya zilizosagwa na kuchujwa.

Baada ya hapo kazi yote ilikuwa ya moto. Wanapoli wana kitenzi chao, pippiare, kwa ajili ya mchuzi unaopikwa hivi: kiputo kimoja hupanda na kupasuka, kisha kingine mahali pengine, kwa sauti ndogo ambayo neno lenyewe linaiiga. Mama jirani aliyenifundisha hakunitajia saa wala kipimo. Alinivuta karibu na jiko akaniambia nisikilize, na naamini hilo ndilo somo bora la upishi nililowahi kupewa. Mchuzi ukitokota kwa nguvu, nyama hukakamaa na nyanya hushika chini zikawa chungu. Kwa hiyo nilikiegemeza kifuniko juu ya mwiko ili mvuke upate pa kutokea, nikakaa jikoni saa tatu na nusu, nikisikiliza na kupunguza moto kila sauti ilipokuwa nzito, huku rangi ikigeuka taratibu kutoka wekundu mwangavu hadi wekundu wa matofali.

Mchuzi uliliwa kwanza, juu ya ziti, tambi ndefu zenye uwazi ndani ambazo mama jirani alikuja kuzivunja kwa mikono yake. Nyama ilifuata katika sahani ya pili. Alikata uzi wa braciola yake mwenyewe, akaitazama ilivyobaki imeshikamana, akala kimya, kisha akamega mkate na kufuta mchuzi wote uliosalia sahanini.