Mbao za ukingo wa paa zikioza, anza na maji
Jamani msikimbilie kupaka rangi juu ya ubao uliooza! Chukua bisibisi uchome pale pembeni mwa paa, ikizama kirahisi ujue umeshaliwa ndani hata kama rangi bado inang'aa, na kuvu anayeozesha mbao anategemea sana unyevu, ule wa ndani ya ubao ukizidi kama asilimia 20 hivi anaweza kuendelea kula, so kwanza angalia gata limeziba au bati ni fupi maji yanarudi nyuma. Kata mpaka ufike mbao ngumu, usiionee huruma. Ubao mpya upake praima (rangi ya kwanza ya msingi) pande zote kabla hujaupigilia, hasa kwenye ncha zilizokatwa, maana hapo ndo unafyonza maji kuliko kwingine kote. Misumari iwe ya kutoshika kutu.