Siku moja maishani mwangu: ndege ndogo, kazi ya ndege kubwa

Saa 10:40 alfajiri, Mwanga, Kigoma. Naamka kabla ya adhana. Maji ya kuoga yako kwenye ndoo tangu jana, chai iko kwenye chupa, sare niliipiga pasi usiku. Rosta ya leo ina safari nne: Tabora kwenda na kurudi, kisha Mahale kwenda na kurudi. Kwenye simu kuna ujumbe wa meneja ulioingia nikiwa nimelala: fomu zote zirudi Ijumaa.

Niieleze hiyo fomu. Mimi ni kapteni wa Cessna Caravan, ndege ya injini moja inayobeba abiria kumi na wawili hivi. Kampuni yetu ni ndogo. Kampuni kubwa moja, ambayo sitaitaja, inataka kutukabidhi kipande cha Tabora–Kigoma. Tiketi iuzwe kwa jina lao, ndege ipakwe rangi zao, rubani awe wetu kwa mshahara wetu. Marubani wao wako katikati ya mazungumzo ya mkataba wa hali bora, na suala la nani arushe kipande hiki ndipo meza ilipokwama. Fomu inanitaka nikubali, mimi peke yangu bila wenzangu, mkataba mpya wa mwaka mmoja, nilipwe kwa saa ya kuruka tu.

Saa 12:00. Bajaji imenifikisha uwanjani. Njiani tumepishana na akina mama wa dagaa wakiteremka Kibirizi na beseni tupu. Naikagua ndege kwa macho na kwa mikono. Nachota mafuta kidogo kutoka kwenye tangi nione kama yana maji, napima oili, napitisha vidole kwenye kingo za propela kutafuta alama ya kokoto. Rubani msaidizi wangu, kijana aliyemaliza chuo cha urubani mwaka juzi, anapiga hesabu ya uzito: abiria, mizigo, mafuta. Kazi hiyo yote hutuchukua karibu dakika 40. Kwa mkataba mpya, dakika hizo hazina malipo.

Saa 1:10 tunaondoka. Ziwa Tanganyika linabaki nyuma, halafu vilima, halafu chini yetu inaonekana reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Baada ya Uvinza yanakuja mabwawa ya Malagarasi, na asubuhi maji yake hung'aa kama bati jipya. Njia hii naipenda. Nimezaliwa Tabora, nafanya kazi Kigoma, na ikiwa kuna njia ya ndege ninayoweza kuiita yangu, ni hii. Ndiyo maana fomu ile inaniuma. Wananipa ninachokitaka, kwa bei ya kumnyang'anya mtu mwingine.

Saa 2:25, Tabora. Mtu huyo mwingine yupo hapa. Ndege yao ya viti 76 imetua kabla yetu na kapteni wake amesimama kivulini akinywa maji. Ndiye aliyenifundisha kurusha ndege, na sahihi yake iko kwenye kurasa za mwanzo za kitabu changu cha kuandikia saa za kuruka. Pia ni mmoja wa wajumbe wa chama cha marubani wanaokaa mezani na mwajiri.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba, mwanangu. Fomu umeshaisaini?"

Nikamwambia bado. Akaniambia wanachodai. Kila ndege yenye nembo ya kampuni irushwe na rubani aliye kwenye orodha yao ya ukongwe kazini, basi. Akasema Marekani vifungu vya namna hii vipo miaka mingi. Kampuni tatu kubwa za huko, American, Delta na United, zinapowapa kazi washirika wao wadogo, mikataba ya marubani inaweka ukomo: ndege ya mshirika isizidi viti 76, wala uzito wa kurukia usizidi ratili 86,000, yaani karibu kilo 39,000. Wamefika hadi kuhesabu viti, kwa sababu kila kiti kinachovuka kwenda kwa mshirika ni mshahara unaoshuka.

"Wakikupa njia yangu sitakuchukia," akasema. "Lakini ada za watoto hazitanihurumia."

Hapo nikamjibu jambo lililokuwa likinikaa kooni wiki nzima. "Kapteni, kifungu chenu kinatufungia nje. Mmeandika nani asiruke. Hamkuandika kwamba atakayeruka, popote alipoajiriwa, alipwe sawa."

Alinyamaza. Kisha akaitwa, abiria wake walikuwa wameshapanda.

Nilimwambia hivyo kwa sababu ya Comair. Ilikuwa kampuni ndogo ya Marekani iliyorusha abiria wa Delta, na marubani wake waligoma kuanzia Machi 26, 2001, kwa siku 89. Walitaka walipwe kama marubani, na nyongeza waliipata. Lakini Delta ilikuwa na washirika wengine wa bei nafuu, na Septemba 2012 Comair ikafungwa. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi. Leo kazi inatoka kwa Kapteni kuja kwangu kwa kuwa mimi ni rahisi. Siku nikiacha kuwa rahisi itanihama mimi pia, iende kwa kijana mwingine mwenye deni kubwa kuliko langu.

Saa 3:00. Tulipaswa kuondoka. Mnara unatuambia Kigoma kuna dhoruba imetoka ziwani, imekaa juu ya uwanja. Tunazima injini, tunawarudisha abiria ndani. Mama mmoja anampeleka mjukuu wake kliniki Kigoma na ananiuliza, "Mwanangu, si mpite pembeni tu?" Namweleza kwamba ziwa lile likikasirika halina pembeni. Tunasubiri saa moja na dakika 50.

Ningependa kila anayejadili mikataba yetu angekaa nami kwenye kusubiri huko. Kwa mshahara wa mwezi ninaopata sasa, wingu ni wingu. Kwa fomu ile, dakika hizo 110 ni sifuri, na safari ikifutwa siku nzima ni sifuri. Sidhani kuna rubani anayesema moyoni, "nitaingia kwenye dhoruba nipate hela." Haiji hivyo. Inakuja kama mkono laini mgongoni: pengine limepungua, pengine nikaangalie tu, nikishindwa nitarudi. Mkataba wa kulipwa kwa saa ya kuruka ndio mkono huo. Ndiyo sababu tunadai saa za uhakika kila mwezi, zilipwe hata ndege isipoondoka.

Bibi yangu hapa Tabora husema wakubwa wetu walibeba pembe kwa miguu hadi Bagamoyo. Neno posho tulilonalo kwenye mikataba leo lilikuwa kwenye misafara ile: chakula cha pagazi cha kila siku, au nguo ya kubadilisha apate chakula. Posho isipotoka, mizigo iliwekwa chini. Wanyamwezi walijulikana pwani nzima kwa kubeba, lakini walijua pia kuweka chini, na waliweka chini kwa pamoja.

Saa 6:05 mchana tumetua Kigoma, uwanja umelowa, hewa safi. Mama yule ananishika mkono na kusema asante mara tatu. Wali na maharage kwa haraka, nimesimama.

Saa 7:30 hadi 10:45, Mahale. Watalii wanne kwenda, wawili kurudi. Uwanja wa kule ni wa udongo, mfupi, na unapokaribia kutua unataka akili yote.

Wakati wa kurudi nilipiga miayo mara mbili na kijana akaniangalia. Nikamwachia usukani, nikamsimulia kisa cha Februari 12, 2009. Ndege ya Q400, ya propela mbili, ilitoka Newark kwenda Buffalo, huko Marekani. Abiria walikuwa wamenunua safari ya kampuni kubwa ya Continental, iliyoirusha ilikuwa kampuni ndogo ya Colgan Air. Ndege ilipoteza mwendo ikikaribia kutua, kapteni akavuta usukani mahali pa kuusukuma, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle ili aripoti kazini. Wachunguzi walisema yaelekea uchovu uliwapunguzia marubani uwezo, ila kwa kiasi gani hawakuweza kuthibitisha. Baada ya ajali ile Marekani ilibadili sheria za mapumziko na za uzoefu wa marubani. Familia za marehemu ndizo zilizopigania, miaka na miaka.

"Kwa hiyo, dada, tiketi ni ya mkubwa na uchovu ni wa mdogo," akasema kijana. Hakuongeza neno hadi tulipotua.

Saa 1:15 usiku. Tumekutana sebuleni kwangu, marubani wanane kati ya kumi na mmoja. Kuna ugali na mgebuka wa kukaanga, na fomu nane mezani. Rubani mkongwe kati yetu ameisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na anatueleza taratibu: chama chenye wanachama wengi kazini kina haki ya kutambuliwa, na mwajiri analazimika kujadiliana kwa nia njema. Mambo yakishindikana yanakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina siku 30 za kusuluhisha. Mgomo ni mwisho kabisa, baada ya kura na notisi ya saa 48. Waongoza ndege wamo kwenye orodha ya huduma muhimu ambazo mgomo umezuiwa. Marubani hatumo kwenye orodha hiyo, lakini hakuna aliyekuja hapa kutafuta mgomo.

Kijana wangu anapinga, na anapinga kwa haki. Ana mkopo wa chuo. Baba yake aliuza ng'ombe na kiwanja. "Nyie mna saa zenu za kuruka tayari," anasema. "Mimi bila njia hii nitakaa chini mwaka mzima, na rubani anayekaa chini anasahaulika." Hatukuwa na jibu jepesi. Tulichoafikiana kimechukua saa mbili: hatusaini mmoja mmoja, tunajiunga na chama kilekile cha wale wa kampuni kubwa, na tunawaomba waweke madai mawili badala ya moja. La kwanza ni malipo sawa. La pili ni njia ya kupanda. American ina makubaliano ya aina hiyo na kampuni zake ndogo, rubani anahama kwenda kampuni kubwa kwa zamu ya ukongwe wake bila kuanza kuomba kazi upya. Dai hilo la pili ndilo lililomfanya kijana asukume fomu yake katikati ya meza pamoja na zetu.

Saa 4:20 usiku. Wameondoka. Nimekaa na daftari, nafuta na kuandika. Mwishowe sentensi imekaa hivi: "Rubani yeyote anayerusha ndege yenye nembo ya kampuni atalipwa kwa jedwali hili, na muda wake wote wa zamu utahesabiwa, bila kujali ameajiriwa na nani." Nampelekea Kapteni.

Saa 4:50 anarudisha ujumbe wa sauti. Nasikia nyuma yake mtoto akisoma kwa sauti, nadhani anajiandaa na mtihani. "Mwanangu, nimesoma. Hilo neno 'yeyote' litawakera wanasheria wao, watataka litoke. Lisitoke. Alhamisi nakwenda nalo mezani. Na mtafute mmoja wenu aje Dar, asiye na zamu siku hiyo."

Nafungua rosta. Alhamisi niko mapumziko.