Nilivyoiingiza floridi kwenye mpango wa afya wa halmashauri

Watu wa Arusha tumeyazoea meno ya kahawia kiasi kwamba mgeni akiuliza, jibu huwa fupi: ni maji ya huku. Mimi ni afisa afya mazingira, bibi afya kama wanavyoniita vijijini, na nimefanya kazi miaka mingi katika halmashauri mojawapo ya mkoa huu, upande wa miteremko ya Mlima Meru. Nataka kueleza namna tulivyofanikiwa kuliondoa jambo hili kwenye jibu hilo fupi na kulifikisha mezani, mahali fedha zinapogawanywa.

Meru ni volkano. Maji yanayopita kwenye miamba na majivu yake huokota madini ya floridi, na mara nyingi kadiri yanavyoteremka na kukaa chini ya ardhi ndivyo yanavyoibeba zaidi. Ndiyo maana chemchemi mbili za mlima huohuo, zilizo umbali wa kutembea kwa miguu, zinaweza kutofautiana sana. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4, kwa kuwa kikomo kikali kingefunga vyanzo ambavyo watu hawakuwa na mbadala wake. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi, yaani kabla ya miaka minane hivi, huota meno yenye madoa meupe, ya njano au ya kahawia, na hali ikiwa mbaya humeguka. Akishavuka umri huo meno yamesalimika, lakini mifupa inaendelea kupokea. Wapo watoto wenye matege na wapo wazee wasioweza kugeuza shingo. Kuchemsha hakusaidii kitu: maji yanapungua, floridi inabaki.

Zamani madoa haya hayakuchagua. Mtoto wa mwalimu, wa mfugaji na wa mkulima wa kahawa wote walikunywa mtaro mmoja. Kilichobadilika ni kwamba dawa yake sasa inauzwa. Mwenye nafasi ananunua dumu la lita 20 la maji ya dukani. Mwenye nyumba kubwa ya bati anaweka mifereji na simtanki, anavuna mvua, na maji ya mvua karibu hayana floridi kabisa. Mwenye nyumba ya nyasi havuni. Hata magadi yanafuata mkondo huohuo: mama asiye na kuni za kutosha ndiye anayetia magadi mengi ili maharage yaive haraka, na magadi ya kwetu mengi yana floridi yake. Hivyo madoa yameanza kuonyesha ngazi ya maisha, na kila mwaka yanaionyesha wazi zaidi. Daktari wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri ya afya hupatikana kinyume na uhitaji wake: panapohitajika zaidi ndipo inapokosekana. Nilipoisoma hoja hiyo chuoni niliona vitongoji vyetu vya chini moja kwa moja.

Kwenye mpango wa afya wa halmashauri, floridi ilikuwapo. Ilikuwapo kila mwaka, mstari mmoja: kutoa elimu kwa jamii juu ya afya ya kinywa na maji salama. Tunakwenda, tunakusanya akina mama chini ya mti, tunawaambia wasiwape watoto maji ya kisima fulani, tunaandika idadi ya waliohudhuria, tunarudi. Siku moja koko mmoja, yaani bibi mzee, aliyekuwa amekaa na wajukuu wake alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, “Mwanangu, ukishatuambia tusinywe haya, umetuletea yapi?” Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza anachotaka kukijua, na swali lake ndilo lililokuwa sahihi kuliko mstari wetu wa bajeti. Elimu inamfaa mwenye uwezo wa kuchagua. Asiye na la kuchagua unamwongezea wasiwasi tu, na halafu unamwandika kwenye taarifa kama mtu aliyefikiwa.

Nilianzia kwenye takwimu, kwa sababu huko ndiko watu wa vitongoji vya chini walikokuwa wamepotelea. Taarifa tulizokuwa tukipokea zilikuwa za kata nzima, zenye wastani mmoja. Kata zetu zinapanda mlima: juu kuna migomba, kahawa na chemchemi baridi, chini kuna vumbi, mahindi ya kubahatisha na mifugo. Ukichanganya chemchemi ya juu na kisima cha chini unapata namba isiyomshtua mtu yeyote, na ambayo hakuna mtoto hata mmoja anayeinywa. Niliomba tupime kila gati, yaani kila kituo cha kuchotea maji ya bomba, kila kisima, kila mtaro unaochotwa. Maabara ya ubora wa maji ilikubali kupima kama tungekusanya sampuli wenyewe, kwa hiyo wahudumu wa afya ngazi ya jamii walifundishwa kuchota, kuweka kwenye chupa za plastiki na si za kioo, kwa kuwa floridi inashikana na kioo, kisha kubandika jina la kitongoji na si la kata.

Safu ya pili ya jedwali ndiyo iliyobeba kazi. Kando ya kila chanzo tuliandika nani anakichota: kaya ngapi ziko kwenye TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, nyumba ngapi hazina bati, watoto wangapi walio chini ya miaka mitano wanaonekana kwenye rejesta ya kliniki. Hatukuandika majina ya watu, na mtendaji wa kijiji alisimamia hilo. Tulipomaliza, jedwali lilisomeka lenyewe. Vyanzo vilivyozidi kikomo mara kadhaa vilikuwa vya vitongoji vyenye kaya nyingi za TASAF, karibu bila kuachana.

Si bahati mbaya. Mabomba ya zamani yalifuata michango, na kitongoji kilichoweza kuchanga ndicho kilichopata gati. Na nani anakaa juu, nani anakaa chini, nayo ina historia yake. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi wafugaji, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa. Wazee wetu bado wanalizungumza. Ninalitaja kwa sababu kwenye vikao kuna mtu lazima aseme kwamba wale wa chini “walichagua wenyewe kukaa kule”, na anahitaji kujibiwa kwa heshima lakini kwa ukweli.

Jedwali nilipolipeleka kwenye timu ya uendeshaji wa huduma za afya, hoja ya kwanza ilikuwa halali kabisa: maji si yetu. Tangu RUWASA ilipoanzishwa mwaka 2019, maji ya vijijini yana wakala wake na bajeti yake. Fedha ya afya hainunui bomba. Mganga Mkuu alinitazama akasema, “Sawa dada, sasa unataka sisi tufanye nini?” Nilikuwa na majibu mawili, yote madogo kwa makusudi, kwa sababu ombi kubwa lisilo na kasma, yaani fungu lake kwenye bajeti, hufa siku hiyohiyo.

La kwanza lilikuwa ndani ya uwezo wetu. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto aongeze swali moja, mama anachota wapi, na jibu liandikwe kwenye rejesta. Na kila zahanati ya vitongoji vya chini iwe na mifereji na tanki la mvua, ili mama mwenye mtoto mchanga aweze kuondoka na dumu la maji ya uji. Zahanati zina paa kubwa, na tangu vituo vilipoanza kupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, kamati ya kituo inaweza kupanga matumizi ya namna hiyo bila kungoja makao makuu.

La pili ndilo lililokuwa sera. Orodha ya vipaumbele vya miradi ya maji inapopelekwa RUWASA kutoka vijijini, ilikuwa ikipangwa kwa idadi ya watu watakaohudumiwa na utayari wao wa kuchangia. Kwa vigezo hivyo kitongoji kidogo, maskini, chenye maji mabaya kinakuwa cha mwisho daima. Niliomba baraza liongeze kigezo cha tatu: watoto walio chini ya miaka minane wanaokunywa maji yaliyozidi miligramu 1.5 na ambao kaya zao hazina mbadala. Kiwe na uzito sawa na vile vingine.

Hapa ndipo palipokuwa na ugumu, na ugumu haukutoka kwa viongozi wa ofisini. Ulitoka juu ya mlima. Maji mazuri yako kwao, na kigezo chetu kilimaanisha bomba kushuka. Mheshimiwa diwani wa kata ya juu alisimama akasema anachosikia ni kwamba wananchi wake watapungukiwa kiangazi ili wengine wapate. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafanya kazi aliyochaguliwa kuifanya, na kiangazi kule juu nako magati hukauka.

Mhandisi mmoja wa maji alinisaidia kuliona jambo kwa namna nyingine. Floridi ya maji inaingia mwilini hasa kwa kunywa na kupika. Kufua, kuoga na kujenga havina shida. Kwa hiyo vitongoji vya chini havikuhitaji kuhamishiwa mto. Vilihitaji kiasi kidogo cha maji ya juu kwa ajili ya chungu na kikombe, na pengine kuyachanganya na ya kisima mpaka kiwango kishuke. Njia ya kuchanganya inatumika mahali pengi. Ipo pia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo kituo cha Ngurdoto kimeifanyia kazi muda mrefu, na ni njia nzuri, ila mkaa huo unachoka na lazima ubadilishwe kwa wakati. Kaya inayohangaikia mlo ikipewa kichujio bila mtu wa kukifuatilia, baada ya muda inakunywa maji yaleyale ikiamini ni salama. Nilipinga kuiweka kuwa tegemeo, na bado nina msimamo huo.

Tuliomba kikao cha pamoja cha vijiji viwili, cha juu na cha chini, na tukawaalika washili, yaani viongozi wa koo, pamoja na akina mama wenyewe. Akina mama wa chini walikuja na watoto. Mjadala ulikuwa mrefu na mkali hadi mzee mmoja wa kijiji cha juu aliposimama na fimbo yake, akasema binti zake wawili wameolewa kule chini, na hao watoto mnaowajadili ni wajukuu zake. “Nikikataa maji yasishuke, nimemnyima nani?” Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kama maji yashuke. Waliuliza kiasi gani, saa ngapi, na nani atashika funguo za koki. Walikubaliana maji ya ziada ya usiku yakusanywe kwenye tenki, na kiangazi kikizidi, kijiji cha juu kipewe kwanza. Muhtasari uliandikwa palepale, ukasainiwa na wenyeviti wote wawili, ukagongwa muhuri.

Kwa anayetaka kufanya kazi kama hii mahali pengine, muhtasari ule ulikuwa na nguvu kuliko jedwali langu. Mchumi wa halmashauri anaweza kubishana na takwimu za bibi afya. Makubaliano ya mkutano mkuu wa vijiji viwili, yenye muhuri, yaliyofika kabla ukomo wa bajeti haujaletwa kutoka serikali kuu, hawezi kuyaweka pembeni kirahisi. Diwani wa kata ya juu ndiye aliyekuja kuwasilisha hoja kwenye baraza, pamoja na mwenzake wa chini, na kigezo kikapita.

Kuna pendekezo moja nililizuia. Mtu alisoma kwamba Bangladesh walipaka visima rangi, nyekundu kwa vyenye sumu ya aseniki na kijani kwa vilivyo salama, akataka tufanye hivyo mara moja. Nilisema rangi nyekundu isitangulie maji. Kumpakia mama kisima chake rangi ya hatari wakati hana kingine ni kumtangazia kwamba anawadhuru wanawe, na hana la kufanya. Tulipaka pale tu gati jipya lilipoanza kutoa maji: buluu kwa maji ya kunywa na kupika, njano kwa maji ya kazi nyingine. Watoto walizishika rangi hizo haraka kuliko watu wazima.

Si vitongoji vyote vimefikiwa. Viwili viko mbali na mwinuko haukubali bomba bila pampu, na huko tunategemea matanki ya zahanati na shule, pamoja na vikundi vya wanawake vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mabati na simtanki. Mkopo wa kununua maji safi ya mtoto si jambo la haki, nami nimelisema hivyo kwenye kamati. Kwa sasa ndilo lililopo, na vitongoji hivyo viwili viko juu kabisa kwenye orodha mpya, mahali ambapo kwa vigezo vya zamani visingefika kamwe.

Kuhusu matokeo, hayawezi kuharakishwa. Meno ya mbele ya ukubwani huota mtoto akiwa na miaka sita hadi minane, kwa hiyo waliozaliwa mwaka gati lilipofunguliwa wataonekana wakiwa darasa la kwanza au la pili. Nimekubaliana na walimu wakuu na mratibu wa afya ya kinywa kwamba uchunguzi wa meno wa madarasa hayo uandikwe kwa kitongoji, si kwa shule nzima, na kwamba fomu hizo zibaki zahanati, ili hata mimi nikihamishwa, atakayenipokea aweze kulinganisha.