Simu Isiyo na Jina: Tulivyopanga Taito ya Filamu Yetu ya Taharuki

Taito yetu ya kwanza, yaani kile kipande cha mwanzo kinachoonyesha majina ya walioitengeneza filamu, ilikuwa na urefu wa dakika 3 na sekunde 40. Filamu yenyewe dakika 14. Mwalimu aliitazama yote bila kusema neno, akaangalia saa ya mkononi, kisha akauliza kwa upole ule unaochoma: "Sasa hapa nani amekufa?"

Hakufa mtu. Yalikuwa ni majina yetu yakichuruzika damu juu ya picha za usiku za Daraja la Kigamboni, na muziki wa ngoma nzito tulioupata bure mtandaoni. Daraja halimo kwenye hadithi yetu hata sekunde moja. Tuliliweka kwa sababu usiku linapendeza. Jina la mwongozaji lilitokea mara nne: wazo, hadithi, skripti, uongozaji. Mwongozaji mwenyewe ni mimi, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Hadithi ilikuwa hivi: fundi simu wa Kariakoo anapokea simu iliyokufa, anaifufua, anakuta ndani yake picha zake mwenyewe akiwa amelala. Kazi tuliyopewa ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza kuchambua taito mbili za filamu za taharuki za nje, halafu kutengeneza ya kwetu. Sisi tulirukia ya pili. Uchambuzi niliuona ni mambo ya kujaza karatasi.

Nadhani ubishi huo niliutoa mbali. Nimekulia Temeke, na sinema nilizijulia kibanda umiza, kwenye mabenchi, kwa 200 yangu mkononi. Pale taito haisomwi na mtu. Ndio muda wa kununua karanga na kusukumana upate nafasi ya kuona, na mtafsiri naye anazungumza juu ya muziki: huyu ndiye steringi, yule mwenye kovu adui, tulieni sasa. Majina yanapita kama abiria wa daladala usiowajua. Kwa hiyo nilipoambiwa nikae nichambue majina, nilicheka.

Baada ya lile swali la nani amekufa, sikucheka tena. Nilichukua daftari la mistari, nikachora safu nne: sekunde, picha, maandishi, sauti. Mara ya kwanza nilitazama bila sauti. Mara ya pili nikalaza simu kifudifudi kitandani nikasikiliza tu. Mara ya tatu nikawa nasimamisha kila kinapobadilika kitu. Inachosha, na mara ya kwanza nilisinzia, lakini sijaona njia nyingine inayofaa zaidi ya hiyo.

Nilianza na Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, ambayo taito yake ilibuniwa na Saul Bass. Safu yangu ya picha ilibaki tupu. Hakuna nyumba, hakuna kisu, hakuna sura ya mtu. Ni mistari tu, inaingia kwa kasi kutoka pembeni, mingine kutoka juu, na maandishi yamekatwa vipande visivyokaa sawa, yanaungana kwa muda mfupi usome, kisha yanapasuka tena. Kwenye safu ya sauti niliandika neno moja: nyuzi. Bernard Herrmann alitumia vyombo vya nyuzi peke yake katika muziki wa filamu ile. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta. Nilikumbuka ngoma zetu za bure nikaona aibu nikiwa peke yangu chumbani.

Halafu maandishi. Majina ya waigizaji yanafungwa na Janet Leigh, tena kwa heshima ya pekee: "na Janet Leigh akiwa Marion Crane". Mtazamaji yeyote anaelewa huyu ndiye wa kumshika mkono. Filamu haijafika nusu, anauawa bafuni. Kibanda umiza kwetu watu wangedai nauli. Ila hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba jina kwenye taito ni ahadi, na mtu mjanja anaweza kuitoa akijua hataitimiza.

Ya pili ilikuwa Seven ya David Fincher, ya 1995, taito ya Kyle Cooper. Hii haiji mwanzo kabisa. Tayari tumeshawaona wapelelezi wawili, na mmoja ameshalala, ndipo inapoingia. Mikono inashona madaftari, wembe unafanya kazi, picha zinakatwa, na herufi zinatetemeka kwa sababu zilikwanguliwa kwa mkono juu ya filamu yenyewe. Ni mikono ya muuaji, lakini hujui bado, na sura yake utaisubiri sana. Nilipofika safu ya maandishi nikatafuta jina la aliyemwigiza. Nikarudisha nyuma. Nikarudisha tena. Halipo. Jina la Kevin Spacey halikuwekwa kwenye majina ya mwanzo, lilisubiri ya mwisho, ili mtu asikae anamngojea atokee.

Niliandika pembeni ya ukurasa: "jina lililofichwa". Nikapigia mstari. Halafu, kwa akili zangu timamu, nikafanya upumbavu: nikaiga mikono.

Kwa kweli stori bodi, yaani michoro ya kila picha tutakayopiga, ilikuwa nzuri. Visanduku 22, nilivichora usiku mmoja: mikono ya fundi gizani, bisibisi, kibano, moshi wa risasi ya kuunganishia waya, herufi zilizokwanguliwa. Kikundi kizima kiliipenda. Mwalimu akaipitia kidole kwa kidole.

"Hii nimeiona. Tisini na tano. Ile mikono ilikuwa ya muuaji. Hii ni ya nani?"

"Ya fundi, Mwalimu."

"Na fundi ni nani kwenye hadithi yenu?"

Ni mwathirika. Tulikuwa tunamvika mtu anayewindwa nguo za anayewinda. Mtazamaji angemshuku fundi dakika zote 14, na sisi hatukuwa na mpango wowote na shuku hiyo. Kudanganya mtazamaji ni halali katika taharuki, ila uwe unajua unamdanganya ili iweje. Sisi tulikuwa tunamdanganya kwa bahati mbaya.

Jibu lilikuja kwa sababu kioo cha simu yangu kilipasuka kwenye basi la mwendokasi, kwenye ule msongamano wa kushuka kituo cha Gerezani. Nikaenda mtaa wa Aggrey kwa fundi ambaye tayari alikuwa ametukubalia kupigia picha kwenye meza yake. Akaipokea, akachana kipande cha tepu ya karatasi, akaandika kwa maka "Dada Kamera – kioo", akakibandika mgongoni mwa simu na kuitupa kwenye droo. Nikachungulia ile droo. Zilikuwemo simu kama 30, kila moja na karatasi yake: "Mama Samaki – haishiki chaji". "Konda G/Mboto – imeingia maji". "Mzee wa Shati – bado 5,000".

Nilisimama pale mpaka kaka mmoja wa nyuma akaniambia dada sogea basi. Majina yalikuwa yale pale, kwenye droo, na mwandiko wake, na sababu ya kuwepo kwake. Hatukuwa na haja ya fonti wala damu. Droo inafunguka, mkono unageuza simu moja moja, kila tepu ina jina la mmoja wetu na kazi yake. Simu ya mwisho ina tepu, lakini haijaandikwa kitu. Inatetemeka. Filamu inaanza.

Na yule aliyeigiza adui tukamtoa kwenye droo kabisa. Darasa zima linamjua. Wangeliona jina lake wangekaa wanamsubiri mlangoni. Alinuna siku mbili. "Sasa mama yangu aangalie nini?" Tukakubaliana apate fremu yake peke yake mwishoni, kubwa kuliko zetu zote, na mama yake aambiwe asiondoke mapema.

Mhariri wetu alitaka kila tepu iwe na ubovu badala ya kazi. Mwandishi wa skripti: haiwaki. Mtu wa sauti: spika mbovu. Mwongozaji: inajizima yenyewe. Tulicheka kuanzia Mnazi Mmoja hadi Mbagala. Kesho yake tuliyatoa yote, na kuyatoa kuliniuma, maana yalikuwa mazuri. Lakini mtu aliyecheka sekunde ya 20 huwezi kumtisha sekunde ya 50. Bado anatabasamu.

Muda tuliupima kwa njia ya kizamani: jina lisomwe kwa sauti mara mbili, bila haraka, halafu ndipo liondoke. Kwa majina mengi ilikuwa sekunde 3, yaani fremu 75, kwa kuwa tulipiga fremu 25, yaani picha 25, kwa sekunde. Sisi tuliokuwa tunayajua tuliona ni nyingi mno, tukataka kupunguza hadi 2. Nikampelekea shangazi, kwenye simu, bila miwani yake. Alisoma majina manne kati ya tisa. Tatizo halikuwa muda peke yake. Maka ya bluu kwenye tepu ya rangi ya krimu inafifia. Tukahamia nyeusi ya ncha nene, sekunde zikabaki 3. Ukijumlisha droo kufunguka, mkono kuhama, na ile simu ya mwisho tuliyoipa sekunde 10 nzima, taito ilifika sekunde 57. Jina langu lilitokea mara moja tu, la mwisho kabla ya tepu tupu.

Upigaji wenyewe ulikuwa Jumapili asubuhi, Kariakoo ikiwa imepoa kidogo. Hatukuwa na lenzi ya vitu vidogo, tukaweka kioo cha kukuzia cha fundi mbele ya lenzi ya kawaida. Inafanya kazi, ila ukipumua picha inatoka kwenye fokasi, kwa hiyo mpigapicha alikuwa anabana pumzi kama anayevua kaa. Tabu kubwa zaidi ilikuwa vioo vya simu: vilinionyesha mimi, feni, na dari la bati. Jirani muuza vitambaa akatuazima kaniki, tukaitoboa tundu la lenzi, tukaifunika meza yote. Saa 5 umeme ukakatika. Tukamalizia kwa tochi ya simu iliyopitishwa nyuma ya karatasi ya daftari, na mwanga ule ulikuwa bora kuliko taa yetu kiasi kwamba tulirudia zote za mwanzo.

Sauti ndiyo nilikuwa nayo makini zaidi, kwa sababu ya zile nyuzi. Kama mtu ameweza kutisha kwa kujinyima, nasi tujinyime. Tulirekodi Kariakoo ya siku ya kazi: spika ya mmachinga inayorudia "buku, buku, kila kitu buku", honi za bodaboda, mtu anaita abiria wa Mbagala, bisibisi mezani. Hatukuongeza muziki wowote. Kila jina linapotokea, sauti moja inaondoka. Jina la kwanza, bodaboda zimekwisha. La tatu, mpiga debe kanyamaza. Kufikia jina langu imebaki bisibisi peke yake, na kwenye tepu tupu hata hiyo haipo, mpaka simu iteteme juu ya mbao. Ule mtetemo tuliurekodi mara 14. Juu ya kioo unasikika kama nyuki. Juu ya mbao ya droo, ikiwa nusu tupu, unasikika kama mtu anabisha hodi kwa ndani.

Siku ya kuonyesha darasani sikuangalia skrini, niliangalia watu. Kwenye jina la tano walikuwa bado wanaongea. Kwenye la saba wawili waliinua vichwa, nadhani hawakujua kwa nini. Simu ilipotetema, msichana wa mbele alishika simu yake mwenyewe. Mwalimu aliandika kitu, sikuweza kukiona.

Wiki hiyo nikampelekea fundi aione. Aliitazama akiwa amesimama, bisibisi sikioni, akairudia mara mbili. Nikangoja anisifie.

"Nzuri. Lakini majina yenu yote nimeandika mimi, kwa mkono huu. La kwangu liko wapi?"

Halikuwepo. Nilikuwa nimejisifia mwezi mzima kwa ujanja wa kuficha jina la adui, na la mtu aliyetupa droo, meza, mwandiko na wazo lenyewe nililisahau hivi hivi tu. Hata kwenye majina ya mwisho halimo. Nikaomba radhi, nikamwambia tutaongeza tepu moja, sekunde 3, kabla ya ya kwangu.

Akachana tepu, akaandika palepale. Jina lake, kistari, halafu: "bado 15,000". Tulikuwa hatujammalizia hela ya kioo na ya kukodi meza.

Nilimlipa siku hiyo hiyo, nikamwomba aandike nyingine yenye neno fundi. Akakataa, akasema hiyo ndiyo tepu yake. Basi ndivyo ilivyobaki kwenye filamu, sekunde ya 44, na kila tunapoionyesha kuna mtu anainua mkono kuuliza hiyo elfu kumi na tano ina maana gani kwenye hadithi.